Kila Nikijikaza, Ninaanguka Tena

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 37, na nimeajiriwa kama karani wa hesabu katika kampuni inayosambaza bidhaa za madukani hapa mjini. Ninakuandikia kwa sababu nimefika mahali ambapo sijui tena nimwamini nani kuhusu mwili wangu mwenyewe.

Mwezi wa Juni mwaka jana niliugua homa kali, kikohozi na maumivu ya mwili mzima, na nilipopimwa nikaambiwa ni Korona. Sikulazwa. Baada ya muda homa ilishuka, kikohozi kikaisha, nikarudi kazini nikimshukuru Mungu kwamba nimepona. Lakini tangu wakati huo sijawahi kuwa yule niliyekuwa. Ninaamka nikiwa nimechoka kana kwamba sikulala. Nikisimama kwenye foleni ya benki au nikiinuka kutoka kwenye kigoda baada ya kufua, moyo hunienda mbio na macho huingia giza. Kazini ninasoma ankara moja tena na tena bila tarakimu kukaa akilini, mimi ambaye nilikuwa nikifunga hesabu za mwezi bila kusaidiwa na mtu. Hata harufu zimegeuka: omena ikikaangwa, ninanusa kitu kama mpira unaoungua, na kitunguu kikiingia kwenye mafuta ya moto inanibidi nitoke nje.

Nimekwenda kwenye zahanati mbalimbali, na karibu kila nikienda ninaambiwa nina malaria na taifodi. Nimemeza dawa, nimechomwa sindano, nimewekewa dripu ya kuongeza nguvu, na pesa nyingi zimetumika bila nafuu ya kudumu. Rafiki yangu alinishauri nifanye mazoezi ili damu ichangamke, nikaanza kudamka na kukimbia polepole mtaani. Siku ya kwanza nilijisikia vizuri sana, nikafikiri nimepata dawa. Baadaye nililala kitandani siku kadhaa, viungo vikiuma na koo likiwasha kama mtu anayeanza kuugua upya.

Jambo kama hilo lilitokea tulipokwenda matanga ya baba mdogo wa mume wangu huko Luanda, Vihiga. Mimi ni mke wa boma lile na isingewezekana nikae kwenye kiti huku wake wenzangu wanapika. Nilijikaza, nikasonga ugali, nikachota maji, nikakesha. Jumapili tulirudi Kisumu nikiwa mzima. Jumatatu jioni miguu ilikataa, na wiki hiyo sikukanyaga kazini. Mama mkwe aliposikia alisema kwamba mwanamke wa mjini huugua kila kunapokuwa na kazi, kisha akapendekeza niitiwe watu wa kuniombea kwa sababu huenda kuna kitu nimetupiwa. Mume wangu ni mtu mpole, lakini juzi aliniambia kwamba labda ni mawazo tu, kwa kuwa vipimo vyote havionyeshi kitu.

Meneja wangu amenionya kuhusu siku ninazokosa kazi. Nimeshaandika barua ya kujiuzulu na iko kwenye mkoba wangu. Naomba uniambie ukweli: je, ni mawazo? Je, ni uvivu ambao sikuujua ndani yangu? Kuna dawa? Na je, niiwasilishe barua hii?

Mama Aliyechoka, Kisumu

*

Dada yangu,

Asante kwa kuniandikia kwa uwazi. Swali ulilolificha katikati ya mengine ndilo nitakalolijibu kwanza, kwa maana naona ndilo linalokuumiza kuliko yote. Huu si uvivu. Mtu mvivu haamki alfajiri kwenda kukimbia akiwa mgonjwa, wala hasongi ugali wa matanga huku macho yakiingia giza. Kinachokusumbua kinafanana sana na hali inayojulikana kitabibu, inayoitwa Korona ya muda mrefu (kwa Kiingereza long COVID), na kuwapata watu wengi duniani baada ya kuugua Korona, na mambo uliyoyaandika kuhusu Luanda na kuhusu yale mazoezi ya asubuhi ndiyo yanayonifanya niseme hivyo kwa uzito kuliko dalili nyingine zote ulizozitaja.

Mnamo Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza rasmi hali hii kuwa ni dalili ambazo kwa kawaida huonekana ndani ya miezi mitatu tangu mtu apatwe na Korona, zikadumu kwa muda usiopungua miezi miwili, na ambazo haziwezi kuelezwa na ugonjwa mwingine. Shirika hilo linakadiria kwamba takriban watu 6 kati ya kila 100 wanaougua Korona hubaki nazo. Wengi wao, kama wewe, hawakulazwa hospitalini hata siku moja, na wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume. Wala Korona haikuwa ya kwanza kuacha mabaki ya namna hii. Chikungunya, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu iliyosumbua Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, huweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi mingi na hata miaka, na watu walionusurika Ebola katika Afrika Magharibi baada ya mlipuko wa 2014 hadi 2016 walibaki na uchovu, maumivu ya viungo na matatizo ya macho muda mrefu baada ya virusi kutoweka kwenye damu yao. Madaktari wa zamani waliyajua haya. Sisi ndio tuliozoea kudhani kwamba homa ikishuka ugonjwa umekwisha.

Sasa niirudie safari ya Luanda. Ulifanya kazi nzito ya matanga, ukarudi mzima Jumapili, ukaanguka Jumatatu jioni. Kuchelewa huko kwa anguko ndiko kunakopaswa kumfanya kila daktari akae wima na kusikiliza. Mtu mwenye afya huchoka wakati wa kazi na hupumzika akapona. Mtu mwenye hali hii anaweza kufanya kazi akiwa na nguvu kabisa, kisha mwili ukamdai baada ya saa 12 hadi 48, ukamrudishia uchovu, maumivu, akili nzito, na hata koo linalowasha kama la mafua, na hali hiyo ikadumu siku kadhaa au wiki. Kwa kuwa adhabu huchelewa, wengi hawaiunganishi na kosa. Husema wameugua tena, huenda zahanati, hupimwa malaria, na mzunguko huanza upya. Naamini hicho ndicho kilichokupata wewe.

Na hapo ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, kwa sababu ushauri wa rafiki yako, uliotolewa kwa nia njema, ndio ushauri unaodhuru zaidi katika hali hii. Sisi watu wa huku tumelelewa kuamini kwamba mwili hushindwa kwa kubembelezwa, na kwamba anayejikaza hupona. Kwa magonjwa mengi mazoezi husaidia kweli. Kwa mtu ambaye huanguka siku moja au mbili baada ya kutumia nguvu, kujikaza ndiko kunakomwangusha, na akiendelea kujikaza wiki baada ya wiki anaweza kushuka chini kuliko alipoanzia. Mnamo 2024 watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa 25 wa hali hii, ambao waliwalinganisha na watu wenye afya. Waliwaendeshea wote baiskeli ya mazoezi kwa takriban dakika 15 na kuchukua vipande vidogo vya misuli ya paja kabla na baada ya zoezi hilo. Kwa wagonjwa, sehemu za chembe za mwili zinazotengeneza nguvu zilikuwa zimefanya kazi vibaya zaidi baada ya zoezi, na msuli wenyewe ulionyesha dalili za kuumia. Mwambie mume wako kuhusu uchunguzi huo. Vipimo vya kawaida vya zahanati havikutengenezwa kutazama mambo hayo, na kwa hiyo kutoonyesha kitu hakumaanishi kwamba hakuna kitu.

Kuhusu mawazo, nitakupa kipimo kimoja ambacho wewe mwenyewe unaweza kukitumia. Mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa kawaida hupoteza hamu. Vitu alivyovipenda havimvutii tena, na mara nyingi akisaidiwa kutoka na kufanya shughuli kidogo hujisikia nafuu. Wewe hamu unayo tele, tena unaililia kazi yako, na ukifanya shughuli unazidi kuugua. Hayo ni mambo mawili tofauti. Hata hivyo, ugonjwa wa muda mrefu ambao watu hawauamini unaweza kumletea mtu sonona juu ya ule aliokuwa nao, na siku utakapohisi kwamba maisha hayana haja tena, usiifiche hali hiyo; mwambie mtu wa karibu na ufike hospitalini siku hiyohiyo.

Uliuliza kama kuna dawa. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuiondoa hali hii yenyewe. Watafiti wanashuku mambo kadhaa ambayo huenda yote yana sehemu yake: mabaki ya virusi yaliyojificha mwilini, kinga ya mwili ambayo haikutulia baada ya vita, hitilafu katika mishipa midogo ya damu, na kuvurugika kwa mishipa ya fahamu inayoongoza moyo na msukumo wa damu bila sisi kuifikiria. Lakini dalili moja moja zinaweza kutibiwa, na wagonjwa wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita, ingawa si wote na si kwa kasi moja. Tiba kubwa uliyo nayo leo ni kutumia nguvu chini ya kiwango ulicho nacho, kila siku, hata siku unapojisikia vizuri. Wewe ni karani wa hesabu na utanielewa nikisema kwamba kila anguko ni mkopo uliolipwa kwa riba kubwa; kazi yako sasa ni kuishi bila kukopa.

Hilo lina maana gani katika nyumba ya Kisumu yenye watoto wawili? Chukua daftari, uandike kwa wiki mbili kila shughuli ya maana uliyoifanya na jinsi ulivyojisikia siku hiyo, kesho yake na kesho kutwa. Usitafute kilichokuchosha leo. Tazama nyuma siku moja na mbili. Utaanza kuona ni mambo gani yanayokuangusha, na mara nyingi si yale tunayoyadhania. Kufua kwa mkono huku umeinama juu ya beseni ni miongoni mwa kazi nzito kabisa kwa mwili kama wako, kwa sababu unatumia mikono, unabana tumbo, halafu unainuka ghafla. Kusonga ugali wa watu wengi ni kazi nzito. Kuoga kwa maji ya moto sana ni kazi. Hata kikao kirefu cha chama, ambamo watu watano wanazungumza kwa pamoja, ni kazi ya ubongo, na ubongo huu uliochoka hulipia vilevile.

Baada ya kuyajua hayo, punguza kwanza, kisha gawanya. Mfuaji wa kulipwa mara moja kwa wiki atagharimu kidogo kuliko dripu ulizowekewa. Kata mboga ukiwa umeketi, kigoda kikiwa jikoni muda wote na kisiwe cha wageni. Mume wako anaweza kusonga ugali. Wanaume wengi waliosoma shule za bweni wanajua, hata kama hawasemi mbele ya mama zao. Pumzika kabla ya kuchoka: dakika kumi au kumi na tano umelala chini, macho yamefumbwa, simu ikiwa mbali, asubuhi na alasiri, iwe umechoka au hujachoka. Siku utakayojisikia vizuri ndiyo siku ya hatari zaidi, kwa maana utataka kulipiza kazi zote zilizolala, na hapo ndipo anguko jingine huandaliwa. Ukikaa wiki kadhaa bila kuanguka, ongeza jambo moja dogo, usubiri siku tatu uone, ndipo uongeze jingine.

Moyo unaokwenda mbio ukisimama unastahili uangalizi wake. Lala chali kwa dakika kumi, uhesabu mapigo yako kwa dakika nzima, kisha simama bila kuegemea kitu, mtu akiwa karibu nawe, na uhesabu tena baada ya dakika mbili, tano na kumi. Ukihisi unataka kuzirai, keti mara moja. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika na kubaki juu bila shinikizo la damu kushuka sana, huenda kuna tatizo linalojulikana la mishipa ya fahamu inayoongoza moyo, ambalo hutokea kwa wagonjwa wengi wa hali hii na ambalo daktari anaweza kulitibu. Andika takwimu hizo kwenye daftari lako na uende nazo. Wakati huohuo kunywa maji ya kutosha tangu unapoamka, hasa katika joto la Kisumu ambalo hulegeza mishipa ya damu na kuzidisha kizunguzungu. Inuka kwa hatua, yaani keti kwanza ukingoni mwa kitanda. Na kama huna shinikizo la juu la damu wala ugonjwa wa figo, muulize daktari kuhusu kuongeza chumvi na kuvaa soksi ndefu za kubana miguu.

Lakini yote niliyoyasema yanategemea kile kipengele cha mwisho cha maelezo ya Shirika la Afya Duniani, kwamba dalili zisiwe za ugonjwa mwingine. Mimi siwezi kukupima kwa barua. Uchovu na moyo kwenda mbio vinaweza kuletwa na upungufu wa damu, hasa kwa mwanamke mwenye hedhi nzito, na vinaweza kuletwa na kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingoni, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, ugonjwa wa moyo, ujauzito, au ile homa ya maziwa inayotokana na mifugo na maziwa yasiyochemshwa. Kwa hiyo, badala ya kuzunguka zahanati ndogo ndogo kila unapoanguka, jipange uende mara moja kwenye hospitali kubwa, iwe ni ya rufaa ya kaunti au ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia, ukiwa na daftari na karatasi zako zote za matibabu. Omba upimwe wingi wa damu, sukari, tezi, figo, ini, mkojo, virusi vya Ukimwi, shinikizo la damu ukiwa umelala na ukiwa umesimama, kiwango cha oksijeni ukiwa umekaa na baada ya kutembea, na mchoro wa umeme wa moyo. Ukiwa na kikohozi kilichozidi wiki mbili, jasho la usiku au uzito unaopungua, omba makohozi yapimwe kifua kikuu. Katika hospitali za serikali kipimo hicho na dawa zake hutolewa bila malipo.

Na hapa niseme neno kuhusu malaria na taifodi, maana jambo hili linanikera na limewalia watu wetu pesa nyingi. Kando ya ziwa malaria ni ugonjwa wa kweli na wa hatari, na ukipata homa lazima upimwe. Lakini kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na ndiyo sababu mtu aliyetibiwa karibuni apimwe kwa darubini. Kipimo cha taifodi kinachotumika katika zahanati nyingi huangalia kingamwili tu, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu, nazo zinaweza kuwapo kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya vijidudu vingine. Kipimo cha kuaminika ni cha kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu au choo. Kumeza dawa za kuua bakteria kila mwezi kwa taifodi ambayo haijathibitishwa hakukusaidii, kunavuruga tumbo, na kunavifanya vijidudu kuwa sugu siku utakapozihitaji dawa hizo kwa kweli. Dripu ya kuongeza nguvu inaweza kukupa nafuu ya siku moja kwa sababu ya maji na chumvi yaliyomo, na maji na chumvi unaweza kuyanywa nyumbani. Muulize kila atakayetaka kukuchoma sindano jina la dawa hiyo, uliandike.

Harufu zilizogeuka hutokea wakati mishipa ya fahamu ya pua iliyoumizwa na virusi inapojijenga upya bila mpangilio mzuri, na kwa wengi hurekebika polepole. Kuna zoezi lililochunguzwa kwanza huko Dresden, Ujerumani, na kuchapishwa 2009: kunusa kwa utulivu harufu nne, yaani waridi, limau, karafuu na mkaratusi, sekunde kumi hadi ishirini kila moja, asubuhi na jioni, kwa miezi mitatu au zaidi, huku ukijaribu kukumbuka harufu hiyo ilivyokuwa zamani. Karafuu, limau na majani ya mkaratusi yako kila mahali kwetu, na sabuni au mafuta ya waridi yatatosha. Kwa sasa omena ikaangwe nje na mtu mwingine, nawe ule chakula kilichopoa na kilichochemshwa, kwa kuwa kukaanga na kuchoma ndiko kunakozidisha harufu hizo mbaya.

Mama mkwe wako ana haki ya kuombea familia yake, nami sioni ubaya wa kuombewa, ilimradi maombi yafanyike ukiwa umeketi, usifungishwe kula wala kunywa, na mtu asikuambie uache vipimo au dawa. Kuhusu matanga, mume wako ndiye anayepaswa kuzungumza na mama yake, tena kabla ya msiba mwingine kutokea, kwa maana wewe ukisema itaonekana unajitetea. Aseme wazi kwamba daktari amekukataza kazi nzito na kukesha. Kisha mtafute wajibu ambao unauweza na ambao boma litauheshimu: kuandika daftari la michango ukiwa umeketi kivulini ni kazi ya mtu anayeaminika, na karani wa hesabu ndiye anayefaa kuifanya. Nendeni asubuhi ya mazishi na kurudi jioni. Kutoka Kisumu hadi Luanda si mbali. Siku mbili kabla na siku mbili baada ya safari hiyo usipange kazi nyingine yoyote.

Zipo dalili ambazo hazisubiri daftari: maumivu ya kifua, kushindwa kupumua ukiwa umetulia, kuzirai kabisa, mguu mmoja uliovimba na kuuma, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili na ulimi mzito. Ukipata mojawapo, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Jitahidi pia usiambukizwe tena, kwa sababu kila maambukizi mapya yanaweza kukurudisha nyuma. Mwenzako wa ofisini akiwa na mafua, vaa barakoa na ufungue dirisha.

Imebaki barua iliyo kwenye mkoba wako. Usiiwasilishe sasa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi kumi na miwili, akiwa na cheti cha daktari, na mkataba wako unaweza kuwa unakupa zaidi ya hapo, usome. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya afya au utendaji amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akiwapo, na amsikilize. Ukijiuzulu mwenyewe, unaitupa kinga hiyo. Badala ya barua ya kuacha kazi, mwombe daktari aandike barua inayosema kwamba una ugonjwa unaoendelea baada ya maambukizi ya virusi, kwamba unatibiwa, na kwamba unahitaji mambo fulani kwa miezi mitatu kabla ya kuangaliwa upya.

Yataje mambo hayo kwa udogo na uwazi ili meneja aweze kuyakubali: hesabu ngumu uzifanye asubuhi akili ikiwa nyepesi na zile za kunakili alasiri, mapumziko mafupi mawili mahali penye utulivu, ruhusa ya kuketi pale ambapo wengine husimama, na siku moja au mbili za kufanyia kazi nyumbani ikiwa vitabu viko kwenye kompyuta. Mpelekee meneja barua hiyo ya daktari ukiwa na nakala, umwombe atie sahihi kwamba ameipokea, na uihifadhi nakala hiyo pamoja na karatasi zako za hospitali. Akikataa bila sababu au akianza kukutishia, ofisi ya kazi ya serikali ipo hapo Kisumu na inapokea malalamiko ya wafanyakazi.